Watoto Watatu wa Marehemu Nikolausi

Fabiola wa Endasak ana tabia moja inayowachosha wakwe zake: hasemi uongo. Hilo peke yake lisingekuwa na shida, maana wasema kweli kijijini wapo wengi na hakuna anayewasikiliza. Shida ni kwamba mtu akiamua kujidanganya mwenyewe mbele ya Fabiola, Fabiola hamzuii. Anamtazama kwa huruma, anamwongezea chai, anamwacha aende zake na uongo wake aliojitungia. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile, na ndiyo maana Marieta, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mpaka leo akimwona mnadani anapita upande wa mitumba.

Nyumba ndiyo iliyoleta yote. Marehemu mumewe, Nikolausi, alikuwa fundi ujenzi. Alijengea watu Katesh, akajengea watu Babati, akakaa kipindi Dodoma kwenye majengo makubwa, na mwisho akajenga yake: nyumba ndogo ya bati la kijani, vyumba viwili na sebule pana, pembeni ya ile nyumba yao ya zamani. Hakuijenga ili walale wao. Aliwaona vijana wanaokuja kupanda Mlima Hanang wanavyohangaika kutafuta pa kuweka mbavu, akasema, "Mama Festo, hawa watakulea uzeeni." Kifua kikamchukua kabla hajapaka rangi mlango wa nyuma. Fabiola akaupaka mwenyewe. Kijana wao wa pekee, Festo, anayefanya kazi Babati, akaiweka nyumba kwenye mtandao na picha zake, akaandika kwamba ni safi, ni tulivu, mlima unauona ukiwa kitandani, na maziwa ya asubuhi yapo. Wageni wakaanza kuja.

Na wageni, jamani! Aliyesema mgeni njoo mwenyeji apone hakuwahi kupangisha nyumba kwa siku. Alikuja mmoja akafulia soksi kwenye sufuria ya uji. Alikuja mwingine akaondoka na chandarua, akaacha misumari. Kuna waliochora mioyo ukutani na majina ya wapenzi wao, na mwezi uliofuata mmoja wao akarudi na mpenzi mwingine, akamwomba Fabiola kimya kimya amsaidie kufuta.

Fabiola hakuwa na ruhusa ya kuwagombeza. Siyo Festo aliyemkataza, ni malezi. Mama yake kule Nambis alimlea kwa sheria ngumu kuhusu mgeni: mgeni hagombezwi, mgeni hapewi ufagio, na nyumba haifagiwi mgeni akiwa ndani, kwa sababu ukifagia miguuni pake umeshamwambia njia ni ile pale. Kwa hiyo Fabiola alikuwa akisubiri waondoke, anasimama mlangoni na mikono kiunoni, anasema "Yesu na Maria," halafu anaanza kudeki.

Lakini kutogombeza si kunyamaza. Kuna bwana mmoja mnene aliyekula kuku mzima kitandani na mifupa akaisukumia uvunguni. Asubuhi, alipokuwa akifunga mkoba, Fabiola alimletea kifurushi kilichofungwa vizuri kwa gazeti na kamba. "Ulisahau vitu vyako, baba," akamwambia kwa adabu zote. "Usije ukasema Endasak kuna wezi." Bwana yule alishukuru sana. Alikifungulia kwenye basi.

Hayo yote Fabiola aliyaweza. Aliyekuwa hawezekani ni Wolfgang, kaka mkubwa wa Nikolausi. Wolfgang alikuwa analima peke yake shamba lote la baba yao kule Maretadu, shamba zuri la mahindi na maharage, na Nikolausi hakuwahi kulidai. Yeye alikuwa na mwiko wake wa kujengea, akamwachia kaka yake jembe. Ungedhani Wolfgang angeridhika. Thubutu! Tangu msiba alikuwa anaipigia hesabu ile nyumba ya bati la kijani kuwa stoo ya maharage, kwa hoja kwamba kiwanja ni cha baba yao, na kwamba maharage hayaandiki majina ukutani. Alichokosa ni sababu ambayo watu wangeikubali. Mwishowe akaipata.

Jumuiya yao ya Mtakatifu Rita inasali kila Jumamosi jioni, nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa ya Fabiola. Kwa kuwa nyumba ya zamani ni ndogo na ina moshi, watu wangekaa kwenye sebule ya wageni. Wiki hiyo Wolfgang alimsimamisha njiani.

"Shemeji," akasema, "nakwambia mapema ili usinilaumu. Jumamosi baada ya sala nitasema neno. Watu wameshaanza kuiita hii nyumba jalala. Nikiingia nikakuta uchafu wa hao wageni wako, funguo nachukua palepale, mbele ya jumuiya nzima."

"Na ukikuta usafi?"

"Nitaona," Wolfgang akasema, na alivyosema ungedhani ameshapima magunia.

Fabiola hakulala vizuri tangu siku hiyo. Anaweza kuwa na ulimi, lakini aliogopa, na aliogopa kweli. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa inamlisha, na zaidi ya hapo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya Nikolausi.

Sasa angalia bahati yake. Alhamisi waliingia wageni watatu kutoka Dar es Salaam: kijana mmoja mchangamfu anaitwa Hilary, dada yake Eva, na rafiki yao Monica. Adabu walikuwa nayo kupita kiasi. Shikamoo ya asubuhi, shikamoo ya mchana, shikamoo ya kupishana njia ya kwenda chooni. Ijumaa wakapanda mlima, mvua ikawakuta huko juu, wakarudi jioni wamejaa matope mpaka nyusi. Walitakiwa kuondoka Jumamosi alfajiri. Fabiola alishapanga: wakitoka tu, maji, sabuni, dekio, na mpaka mchana nyumba inang'aa.

Jua lilipanda, mlango wa nyumba ya bati la kijani haukufunguliwa. Fabiola akachukua chupa ya chai, akaenda. Wakati huohuo Mzee Gidahosh, mfugaji anayemletea maziwa, alikuwa anaingia uwanjani na fimbo yake na kidumu. Wakafika mlangoni pamoja. Fabiola akabisha hodi, akasukuma.

Buti za mlimani zilikuwa juu ya kochi. Vitambaa vya makochi vilikuwa chini. Walikuwa wamenunua kuku njiani wakamnyonyolea bafuni, manyoya yakaziba tundu, maji yakatoka na manyoya yake mpaka katikati ya sebule. Matope yalianzia mlangoni, yakapita kila mahali, yakapanda ukuta kiasi. Maganda ya ndizi yalikuwa dirishani yamepangwa mstari, kana kwamba yanaangalia mlima.

Mzee Gidahosh alichungulia kwa muda mrefu. "Mama Festo," akasema, "hapa wamelala ng'ombe wa nani?"

Fabiola alikuwa ameona kitambaa cheupe karibu na buti. Alikidarizi mwenyewe, msalaba katikati na zabibu pembeni, miezi ile alipokuwa amekaa kitandani pa Nikolausi akimsikiliza kifua. Ndicho kinachotandikwa mezani jumuiya ikija kusali. Alikuwa amekiacha kimekunjwa juu ya kabati. Wageni wake walikitumia kufutia viatu. Machozi yakaja mpaka kwenye kingo za macho, na kama Mzee Gidahosh asingekuwepo angelia kwa sauti.

Hilary akatoka chumbani anapiga miayo, amejifunga taulo. Alipowaona akainama mpaka taulo likataka kudondoka. "Shikamoo mama! Shikamoo mzee!"

"Marahaba," wakaitikia wote wawili. Ufanyeje? Shikamoo ikishatolewa ni lazima ipokelewe, na ukishasema marahaba, kugombeza kunakuwa kugumu. Fabiola akasema kwa upole, "Baba, mlisema mnaondoka alfajiri."

"Aa, mama, miguu imekufa. Tumeamua tupumzike mpaka kesho." Akatabasamu, tabasamu zuri la mtu ambaye hajawahi kuosha sufuria. "Wala usihangaike na sisi. Usituhesabu wageni. Sisi ni wanao kabisa!"

Huko mjini maneno hayo ni kama asante. Watu wanayatupa dukani, wanayatupa hospitalini, hayana uzito. Endasak mtu mzima hasemi "mimi ni mwanao" mlangoni kwa mtu, tena mbele ya mzee, halafu akarudi kulala. Fabiola alihisi kitu kikifunguka kifuani. Aliweka chupa ya chai chini taratibu.

"Hebu rudia, baba. Mzee hapa naye asikie vizuri."

Masikio ya Mzee Gidahosh yanasikia kengele ya ndama kutoka ng'ambo ya korongo. Lakini akaweka kiganja sikioni, akasogea.

"Nimesema sisi siyo wageni, mzee!" Hilary akapaza sauti kwa furaha. "Sisi ni watoto wa mama hapa!"

"Nimesikia," Mzee Gidahosh akasema. "Mara mbili."

Fabiola akavua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni, akaikaza. "AMKENI!" Sauti ile Festo anaijua, hakuna mgeni aliyewahi kuisikia. Kuku waliruka uani. "Watoto gani wa kulala mpaka jua linachoma bati? Eva! Monica! Nani kamnyonyolea kuku bafuni? Hilary, vaa suruali, chukua ndoo! Buti juu ya kochi, mmezaliwa kwenye zizi?"

Mwanzoni Hilary alicheka, akidhani ni utani wa wenyeji. Ufagio ulipogonga kisigino chake, kicheko kikakata. "Mama, lakini sisi tumelipia..."

"Mtoto analipia kwao?" Fabiola akamuuliza. "Mzee Gidahosh, umewahi kuona mtoto analipia kwao?"

"Sijaona," Mzee akasema, akavuta kigoda, akakaa katikati ya mlango na chai yake. Kigoda kile kilikuwa kidogo, lakini kwa jinsi alivyotandaza miguu hakuna aliyeweza kutoka.

Monica akapewa manyoya. Aliyatoa kwenye tundu moja moja, amefumba jicho moja, anatapika bila kutapika. Hilary akadeki sebule, na kila alipomaliza Mzee Gidahosh alinyoosha fimbo kuonyesha mahali. "Pale. Siyo pale, pale. Wewe unapaka matope, hautoi." Huo wote ulikuwa uzushi, mzee yule hajawahi kudeki tangu azaliwe, ila alikuwa anafurahi mno kuona mtu mwenye shahada akimtii.

Eva akapewa kitambaa, karai na sabuni ya kipande. Alikikunjua majini, akauona msalaba, akasimamisha mikono. "Mama," akauliza kwa sauti ndogo, "hiki kilikuwa cha nini?"

Fabiola akamwambia. Hakukuza, hakupunguza, alimwambia cha nini, alikishona lini, na mbele ya nani. Eva akaanza kulia palepale juu ya karai. Hasira ya Fabiola ikapungua, ilipungua tu, haikuisha. Akakata limau, akamwonyesha jinsi ya kusugua bila kuvuta nyuzi, wakasugua pamoja. Karibu doa lote lilitoka. Lililobaki liko kwenye zabibu moja, na ukiangalia haraka utadhani imeiva kuliko wenzake.

Hapo ndipo Marieta alipofika. Alisema anaomba chumvi, lakini mtu anayeomba chumvi haanzii dirishani. Aliona vijana watatu wageni wanachapa kazi, na Fabiola akiwafokea kama aliyewanyonyesha.

"Hee, Mama Festo! Hawa ni nani?"

"Wanangu."

"Wanao? Si una Festo peke yake?"

"Wamekuja na kusema wenyewe. Muulize mzee."

"Wamesema," Mzee Gidahosh akathibitisha. "Nilikuwepo."

Marieta akamsogelea Hilary, akamwangalia puani kwa makini. Pua ya Hilary ni pua ya kawaida, ina matundu mawili. "Kijana, baba yako anafanya kazi gani?"

"Shikamoo mama. Ni fundi."

"Fundi!" Marieta akashika kifua. "Na mlizaliwa wapi?"

"Dodoma, mama. Dar tulihamia baadaye."

Marieta akarudi nyuma hatua moja, akamwangalia Fabiola kwa huruma kubwa yenye utamu ndani yake. Akaondoka mbio bila chumvi. Fabiola alikuwa na nafasi ya kumwita. Mdomo alikuwa nao, na barabara ile si pana. Hakumwita, kwa sababu wakati huo alikuwa hajaelewa, na alipokuja kuelewa Marieta alishamaliza barabara nzima.

Kufika mchana walikuwa wamepita wanawake kadhaa "kusalimia tu", na kila mmoja aliangalia pua. Wa mwisho alimshika Fabiola mkono akamwambia, "Pole sana, mwenzangu. Wanaume wote ni walewale. Umewapokea, una moyo." Ndipo Fabiola alipouona mzigo mzima: watoto wa nje wa Nikolausi, aliowazaa Dodoma alipokuwa kwenye majengo, wamerudi kwao. Alikwenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya kuni, akacheka mpaka mbavu zikauma. Akafikiria uso wa Wolfgang atakaposikia, akacheka upya. Halafu, katikati ya kicheko, kitu kidogo kikamchoma. Akakisukuma pembeni kwa sababu makande yalikuwa motoni.

Jioni jumuiya ilijaa. Walikuja hata watu ambao hawakuwa wamesali tangu Pasaka. Sakafu iling'aa, makochi yamevaa vitambaa vyake, meza ina msalaba, mishumaa na kile kitambaa. Hilary, Eva na Monica, wameoga na kuchana nywele, walikuwa wamekaa mbele kama watoto wa komunyo ya kwanza. Juu yao, ukutani, ilikuwa picha ya Nikolausi amevaa koti la kuazima. Mzee Gidahosh hasali kanisani, alikuwa amekuja kwa ajili ya makande, naye amekaa karibu na mlango.

Wolfgang aliingia wa mwisho. Habari alikuwa nayo. Ilimkuta shambani na ikampandisha pikipiki. Hakuangalia sakafu, hakuangalia ukuta. Alikwenda moja kwa moja kwa Hilary.

"Kijana, umesoma?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, nimesomea sheria."

Wolfgang akakohoa. "Na... mmekuja kwa sababu gani?"

"Mlima, mzee. Na kuzungukazunguka kuona ardhi ya huku." Hilary alikuwa anajitahidi kuwa mwenye adabu, maskini, hakujua anakanyaga wapi. "Kesho tunapitia Maretadu. Wanasema kuna mashamba mazuri sana."

Watu waliokuwa karibu wanasema Wolfgang alikaa kwenye kochi kabla hajakaribishwa.

Sala ikaenda. Rozari ikaisha, somo likasomwa, wakaimba. Katekista Theodory, aliyekuwa anaongoza, akauliza kama kuna mwenye neno. Wolfgang akasimama kabla swali halijaisha. Fabiola alibana mikono mapajani. Nyumba ilikuwa safi, lakini mtu mwenye nia ya kuchukua funguo hakosi buibui.

"Tumsifu Yesu Kristo," Wolfgang akasema.

"Milele amina."

"Ndugu zangu, mlijua nina neno leo. Ninalo, ila limebadilika njiani." Alipangusa uso. "Mimi ndiye mkubwa kwenye nyumba ya baba yetu. Nimewaona hawa watoto. Damu haipotei. Sasa nasema mbele yenu, watu wasije wakagombana mbele ya safari. Nyumba hii ya bati la kijani pamoja na kiwanja chake ndilo fungu la Nikolausi. Ni ya mkewe, Fabiola. Si yangu, si ya wanangu, na mtu wa ukoo asimguse. Na fungu likishatolewa, limetolewa! Asiwepo mtu wa kwenda Maretadu kutafuta lingine. Nimemaliza, na Mungu awe shahidi."

"Amina!" jumuiya nzima ikaitikia, kwa kuwa katika sebule ile neno likiishia kwa Mungu, watu huitikia.

Fabiola alikuwa ameipata. Akaona kwamba hakuna tena cha kufanya isipokuwa kukaa kimya. Apakue makande. Kesho wageni waende zao, na Wolfgang amwogope mwanasheria wa Dodoma mpaka kufa kwake.

Lakini watu walikuwa hawamwangalii yeye. Walikuwa wanaangalia picha. Bibi Kornelia, ambaye Nikolausi alimwezekea choo bila kuchukua hata kikombe cha chai, alitikisa kichwa. "Kumbe Nikolausi naye," akasema. "Mtu mkimya vile." Mwanaume mmoja nyuma akacheka chini chini.

Kile kitu kidogo kikamchoma Fabiola tena, na safari hii hakikusukumika. Dodoma Nikolausi alikuwa analala kwenye mifuko ya saruji ili arudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alikuwa anashuka kwenye basi na vumbi la safari nzima, anamletea zabibu kwenye mfuko wa koti, zimepondeka, na anaomba radhi kwa kupondeka kwake. Na sasa alikuwa ukutani, anachekwa kwenye nyumba aliyoijenga, na hana mdomo.

Fabiola akasimama.

"Katekista, na mimi nina neno. Hawa siyo watoto wa Nikolausi. Nikolausi hakuzaa nje. Alizaa na mimi, akamzaa Festo, na kama Mungu angetupa wengine mngewajua wote kwa majina. Hawa ni wageni wangu kutoka Dar. Walinichafulia nyumba, na hicho kitambaa mezani walifutia viatu. Nikawafundisha kuosha. Basi."

Eva aliinamisha kichwa. Hilary, ambaye ndiyo kwanza anagundua kwamba siku nzima alikuwa mrithi, alifungua mdomo ukabaki wazi.

"Lakini ulisema ni wanao!" Marieta akapiga kelele.

"Nilisema wanangu. Nilisema wa Nikolausi?"

Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine, sebule ikalipuka. Bibi Kornelia alikuwa anacheka huku anafuta macho, akaunyooshea ule ukuta mkono. "Nisamehe, baba," akaiambia picha. Mdomo huponza kichwa, na Marieta siku hiyo aliujua uzito wa wake. Alijivuta taratibu nyuma ya mwanaume mnene, akabaki huko.

Wolfgang alikuwa bado amesimama. "Kama ni hivyo," akasema, "kama ni hivyo, nafuta! Nimedanganywa! Nilichosema nakifuta!"

"Nani amekudanganya?" Katekista Theodory akamuuliza kwa upole. "Mama Festo alikwambia nini?"

Wolfgang akatafuta. Alirudi nyuma siku nzima, akaipekua, na hakupata neno hata moja ambalo Fabiola alimwambia.

"Mzee Wolfgang," Theodory akaendelea, "umesema mwenyewe, mbele ya msalaba, ukamwita Mungu shahidi. Na sisi tumeitikia amina. Hiyo amina tuipeleke wapi?"

"Mimi siyo mtu wa kanisani," Mzee Gidahosh akasema kutoka mlangoni, "lakini hiyo amina nimeisikia. Hiyo ilikuwa moja tu, lakini kubwa."

Watu wakacheka tena, halafu wakaanza kusogeza viti, maana makande yalishaanza kunukia na hakuna anayeweza kugombania kiwanja wakati wa makande. Hilary, Eva na Monica waliinuka bila kuambiwa, wakagawa sahani. Wolfgang akabaki amekaa peke yake kwenye kochi la dirishani, mikono magotini.

Fabiola alipakua sahani moja kubwa kuliko zote, akaongeza maziwa mgando kwenye kikombe chenye kisahani, akampelekea mwenyewe. Akainama kidogo, kama mama yake wa Nambis alivyomfundisha.

"Karibu, shemeji. Humu ndani wewe ni mgeni wangu."

Wolfgang akapokea kwa mikono miwili. Akala polepole, amekaa ukingoni mwa kochi, na alikuwa mwangalifu sana asidondoshe hata punje sakafuni.